TAA YA DPF IMEWAKA? USIKIMBILIE KUTOBOA MASEGA

Kwa muda sasa kila nikipita gereji, iwe Gerezani, Buguruni au kule Tandale, nakuta stori ni ileile. Gari ya dizeli imeletwa kutoka Japani, imetembea Bongo mwaka mmoja au miwili vizuri tu, halafu kwenye dashibodi kinawaka kitaa cha rangi ya machungwa, kina alama kama kiboksi chenye vidoti ndani. Mwenye gari anakipuuza. Wiki ya pili gari inakuwa nzito, ukikanyaga mafuta haiitiki, mlima inapanda kama imebeba kontena. Wiki ya tatu yuko kwa fundi, na fundi jibu analo tayari mfukoni: "Bosi, hiyo DPF inakusumbua bure. Tunatoboa masega, tunachomelea, unaondoka leo leo."

Wengi wanakubali, maana biashara imesimama na pesa ya kununua chujio jipya hawana. Siwalaumu. Lakini nasema ngojeni kwanza. Mimi si injinia, shule niliishia kidato cha nne, ila hili jambo halihitaji digrii. Linahitaji kujua vitu viwili tu: masizi ni nini na majivu ni nini. Ukishajua tofauti yake, fundi akikwambia "tuoshe", "tuchome" au "tutoboe" utajua la kumjibu.

Tuanze na hiyo DPF yenyewe. Ni chujio la kukamata masizi ya dizeli, limekaa kwenye bomba la ekzosi, mara nyingi jirani kabisa na injini au chini ya uvungu. Kwa nje ni kopo la chuma. Kwa ndani kuna tofali la mviringo la kauri lenye vitundu vingi vya mraba, ndiyo maana mafundi wanaliita masega, kama ya nyuki. Sasa hapa watu wanachanganya. Masega ya kawaida, yale ya kataliti ambayo hata gari za petroli zinayo, vitundu vyake vimenyooka, ukimulika tochi upande huu unaona mwanga upande wa pili. Ya DPF huoni kitu. Kila kitundu kimezibwa upande mmoja, kimoja kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma. Moshi ukiingia unakuta njia haina mlango, unalazimika kupenya kwenye ukuta wa kauri wenye vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Hewa inapita, masizi yanabaki. Likiwa zima, linakamata zaidi ya asilimia 90 ya yale masizi.

Kwa hiyo lazima lijae. Halijaharibika likijaa, ndiyo kazi yake. Swali ni limejaa nini?

Chukua jiko la mkaa. Kipande cha mkaa kikibaki hakijaungua, ukikipulizia moto kinashika tena mpaka kinaisha. Majivu je? Hata ukae unapepea mpaka kesho hayawaki. Unayatoa kwa mkono, basi. DPF ni hivyo hivyo. Masizi ni kaboni, dizeli ambayo haikuungua ikaisha, na likipata joto la kutosha linaungua na kugeuka hewa. Majivu hayatokani na dizeli kwa sehemu kubwa, yanatokana na OILI ya injini. Zile dawa zinazowekwa kwenye oili kuilinda injini zina madini kama kalisi na zinki. Kila injini inaunguza oili kidogo, hata iliyo nzima, na yale madini yanaishia kwenye chujio. Hayo hayaungui. Yatakaa humo mpaka mtu alifungue chujio na kuyatoa.

Masizi yanajaa kwa siku au wiki. Majivu yanajaa kwa miaka, na kwa gari ndogo kusafisha majivu mara nyingi kunahitajika kuanzia kilomita 150,000 hivi kwenda juu. Sasa gari yako ikiwashia taa leo, na mwezi uliopita ilikuwa nzima, hayo si majivu kwa mara moja. Ni masizi, na masizi dawa yake ni moto.

Huo moto gari inao yenyewe. Ukiwa safari ndefu, injini imechemka vizuri na mzigo upo, moshi unatoka na joto la kutosha na masizi yanaungua kidogo kidogo huku unaendesha, wewe hujui. Isipotosha, kompyuta ya gari inapima chujio limejaa kiasi gani, ikiona limefika kiwango inaamuru nozeli zimwage dizeli ya ziada kwa kuchelewa, ili ile dizeli ikaungulie mbele kwenye kataliti. Joto ndani ya chujio linapanda mpaka nyuzi 600 hivi za Selsiasi, masizi yanateketea. Shughuli nzima ni kama dakika 10 mpaka 20, lakini inataka gari iwe inatembea kwa mwendo wa maana.

Sasa tuambiane ukweli. Unatoka Mbezi asubuhi, foleni mpaka Ubungo, foleni mpaka Magomeni, unafika mjini unazima. Jioni hivyo hivyo. Mchana umekaa ndani ya gari, iko sailensa, kiyoyozi kinapuliza unamsubiri bosi. Moto hauwaki hata siku moja! Kompyuta inaanza kuchoma, dakika ya tano umefika, unazima ufunguo. Kesho inaanza tena, unazima tena. Ikishindwa mara kadhaa inakata tamaa, inakuwashia taa.

Ndiyo maana taa ya kwanza, ile ya machungwa iliyotulia haipepesi, tafsiri yake kwa gari nyingi ndogo ni "nipeleke barabarani". Soma kitabu cha gari yako kama kipo, halafu toka nje ya mji, mfano mpaka Chalinze na kurudi, gia moja chini ya ile uliyozoea ili injini izunguke juu kidogo, bila kusimamasimama. Wengi taa inazima yenyewe kabla hawajafika mbali. Lakini ikiwa imeambatana na taa ya injini, au inapepesa, au gari imeshakataa kuvuta, USIILAZIMISHE. Chujio lililojaa masizi kupita kiasi likishika moto lote kwa pamoja joto linapitiliza, kauri inapasuka au inayeyuka, na hapo ndipo hasara ya kweli ilipo.

Utajuaje gari iko katikati ya kuchoma? Sailensa inapanda juu kidogo kuliko kawaida. Feni inapiga kelele hata baada ya kuzima. Kuna harufu ya kitu cha moto, ulaji wa mafuta unapanda kwa muda. Ukiona hivyo na umebakiza mita mia kufika nyumbani, zunguka mtaa kidogo, iache imalize.

Kwa malori madogo, Canter, Dutro, Dyna na Elf za miaka ya karibuni, kuna kitufe kabisa. Hino na ndugu yake Dyna wanaita mfumo wao DPR, Isuzu wanaita DPD, jina tofauti mambo yaleyale. Taa ikipepesa unasimama pazuri, gia huru, breki ya mkono, unabonyeza, injini inapandisha mzunguko yenyewe na wewe unasubiri mpaka taa izime. Hapa naomba umakini. Moshi unaotoka wakati ule ni wa moto sana. Usisimame juu ya nyasi kavu, wala kwenye maranda, wala karibu na madumu ya petroli, wala ndani ya gereji iliyofungwa. Na watoto wasicheze nyuma ya gari.

Kuna dereva mmoja wa Canter anabeba nyanya kutoka Ilula kuleta Dar. Aliniambia kisa chake na nimekisikia kwa madereva wengine pia kwa namna mbalimbali. Taa ilipepesa siku tatu. Alibonyeza kitufe, dakika ya tano mwenye mzigo akaanza kelele kwamba anachoma mafuta bure, akazima. Akabonyeza siku nyingine, akazima tena. Siku ya nne gari ikagoma kuvuta, inakwenda kama baiskeli, na nyanya haziwezi kusubiri, wadau mnazijua nyanya. Mzigo ukahamishiwa gari nyingine, nusu umeshaharibika. Mwenye gari, mzee mmoja mtulivu, akampigia fundi, fundi akasema tutoboe. Yule dereva akamwambia, "Mzee, shikamoo, naomba tusitoboe kwanza, tuipime." Mzee akamjibu, "Marahaba, haya pimeni, lakini mwisho kesho."

Wakapata kijana mwenye mashine ya kupimia. Akalichoma chujio kwa mashine, gari ikarudi kuwa nzima. Siku mbili baadaye taa ikarudi. Hapo ndipo fundi wa kukisia angesema "si niliwaambia, chujio limekufa". Huyu kijana akasema hapana, kama limejaa siku mbili basi kuna kitu kinalijaza. Wakatoa nozeli, wakazipeleka kwa wapima nozeli, mbili kati ya nne zinadondosha mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu. Zikatengenezwa, chujio likachomwa mara moja tu, na gari ikaendelea na kazi.

Hapo ndipo penye kiini cha mada yangu. DPF ikijaa mara kwa mara, mara nyingi mgonjwa ni mwingine. Chujio linakusemea tu. Ukilitoboa umemnyamazisha shahidi, lakini nozeli bado inadondosha, na dizeli inayodondosha kwenye silinda inaweza kutoboa pistoni siku moja ukiwa Mlima Kitonga.

Vitu vya kuangalia kabla ya kugusa chujio ni hivi nitakavyovitaja, na vingi ni rahisi. Chujio la hewa, likiwa limejaa vumbi injini inakosa pumzi na inatoa moshi mweusi. Mipira ya turbo ikiwa imepasuka, hivyo hivyo. Turbo yenyewe ikivujisha oili, ile oili inakwenda moja kwa moja kwenye chujio. Vali ya EGR ikiganda wazi, moshi unarudi ndani kuliko inavyotakiwa na masizi yanaongezeka.

Halafu kuna THAMOSTATI. Hii kibongobongo ni ugonjwa wa taifa. Gari ikichemsha mara moja tu fundi anaitoa na kuitupa, anakwambia nchi hii ya joto haihitaji hiyo kitu. Sasa injini za DPF kompyuta inasubiri maji ya rejeta yafike joto lake ndipo iruhusu kuchoma. Umetoa thamostati, maji hayafiki joto, kuchoma hakuanzi, chujio linajaa. Halafu tunalaumu Wajapani! Ukiona mshale wa joto haufiki katikati hata baada ya nusu saa ya safari, anzia hapo.

Kingine ni sensa ya presha. Kuna vibomba viwili vyembamba vinatoka kwenye kopo la chujio, kimoja kabla ya masega kimoja baada, vinaunganishwa kwa mipira kwenda kwenye sensa. Kompyuta inalinganisha presha za pande mbili, tofauti ikiwa kubwa inajua chujio limejaa. Mpira ukitoboka au ukiziba, au sensa ikichoka, kompyuta inadanganywa. Mwambie mwenye mashine afanye jambo moja jepesi: funguo iwe on, injini haijawashwa, asome ile tofauti ya presha. Hakuna moshi unaopita, kwa hiyo lazima isome sifuri au karibu kabisa na sifuri. Ikisoma namba kubwa wakati injini imezimwa, sensa ndiyo mbovu, chujio lako halina kosa. Jaribio la dakika moja, na sensa ni rahisi mno ukilinganisha na chujio.

Tuje kwenye oili, maana hapo ndipo majivu yanapoanzia. Gari yenye DPF inataka oili yenye majivu kidogo. Usihangaike na picha ya simba au chui kwenye dumu, geuza dumu usome maandishi madogo nyuma. Kwa malori ya Kijapani tafuta JASO DH-2. Kwa gari ndogo za dizeli za Kijapani, JASO DL-1. Gari za Ulaya wanatumia herufi za ACEA zinazoanzia na C, kama C3, na kitabu cha gari kinasema ipi. Kwa mfumo wa Kimarekani, API CJ-4 iliyokuja mwaka 2006 na CK-4 ya mwaka 2016 zilitengenezwa zikizingatia machujio haya. Zile oili za bei poa za dumu la lita tano zinazouzwa kwa kupimiwa... kwa injini ya zamani kama 1HZ ya Land Cruiser sina neno, ile haina DPF. Kwa gari yenye DPF unajaza majivu kwa pesa yako mwenyewe.

Na hili wengi hawalijui: kwenye gari yenye DPF oili inaweza KUONGEZEKA. Ile dizeli ya ziada inayomwagwa wakati wa kuchoma, nyingine inateleza kwenye kuta za silinda na kushuka chini kwenye oili. Gari ikiwa inajaribu kuchoma kila siku bila kumaliza, oili inapanda na inakuwa nyepesi kama maji. Kwenye Mazda za dizeli za Skyactiv, CX-5 na wenzake, stiki ya oili ina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika kwenye X, badilisha usisubiri kilomita. Ukivuta stiki ukaona oili imepanda na inanuka dizeli, usifurahi kwamba gari hailii oili. Injini inasagika.

Kuhusu mafuta nitasema kwa kifupi. Salfa kwenye dizeli ni adui wa mfumo huu, inaipa kataliti shida kufanya kazi yake. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kwa hiyo ile hoja kwamba "mafuta ya kwetu hayafai kabisa kwa DPF" ilikuwa na nguvu zaidi zamani kuliko sasa. Tatizo linalobaki ni uchakachuaji. Mnakumbuka ilivyokuwa, mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili isiwe dili kuyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa yanakausha pampu na nozeli, nozeli zikifa masizi yanaongezeka, na hadithi inarudi palepale kwenye chujio. Weka mafuta kituo kinachotoa risiti. Na wenye gari za AdBlue, ile ni maji ya tenki lake lenyewe, haiingii kwenye tenki la dizeli hata tone!

Haya, tuseme umepima vyote, nozeli nzima, sensa nzima, thamostati ipo, umechoma na bado presha iko juu. Sasa ni majivu. Hapo ndipo kusafisha kwa kufungua kunapokuja, na hapa usanii ni mwingi.

Njia sahihi ni hii. Chujio linafunguliwa, linapimwa uzito. Linapulizwa kwa hewa ya kompresa kutokea upande wa KUTOKEA kwenda upande wa KUINGILIA, kwa sababu majivu yako kwenye vitundu vilivyo wazi upande wa kuingilia, ukipuliza kutoka mbele unayashindilia zaidi. Kama lina masizi magumu linaingizwa kwenye tanuri linaloongezwa joto pole pole kwa masaa kadhaa, linaachwa lipoe pole pole, halafu linapulizwa tena. Wengine wanatumia mashine ya maji yenye dawa maalum inayosukuma kutokea nyuma, kisha wanalikausha kabisa. Mwisho linapimwa uzito tena na kupimwa kama hewa inapita. Kama fundi hana mzani wala kipimo chochote, muulize atajuaje limesafika. Kuliangalia kwa macho hakusaidii, vitundu vimezibwa.

Nilichokiona mitaani mara nyingi ni kingine. Mtu anachukua kopo la chujio, anamimina soda ya kuoshea sinki, au maji ya betri, anasubiri povu, halafu anapiga na ile mashine ya presha ya kuoshea magari kwa karibu kabisa. Maji meusi yanatoka, mteja anafurahi. Lakini yale masega yamepakwa madini ya thamani, platina na paladi, ambayo ndiyo yanasaidia masizi kuungua. Dawa kali inayala hayo, na presha ya karibu inabomoa kauri. Mwingine analimwagia maji baridi likiwa bado la moto, linapasuka. Mwingine anamimina petroli na kuwasha kiberiti! Hilo sitalijadili.

Zile dawa za kupuliza za kopo, zinazoingizwa kupitia tundu la sensa, zinasaidia kulainisha masizi ili yaungue kirahisi. Majivu haziyatoi, hata chupa iandike nini. Na anayepuliza chujio kwa kompresa avae barakoa ya maana na asipulize hewani katikati ya gereji, maana unga ule ndio uleule ambao chujio lilikuwa linatukinga nao. Nimeona vijana wadogo wanafanya kazi hiyo midomo wazi, uso wote umekuwa mweusi, wanacheka.

Sasa kutoboa kwenyewe. Anakata kopo, anachokonoa masega kwa nondo, anachomelea. Kwa wiki ya kwanza gari inavuta kweli. Halafu kompyuta inashangaa, mbona presha hakuna? Inawasha taa. Basi anakupeleka kwa mtu wa programu aifute DPF kwenye kompyuta, pesa nyingine. Asipofuta, gari nyingi zinaendelea kuamuru kuchoma kila baada ya kilomita kadhaa, zinamwaga dizeli kuunguza kitu ambacho hakipo na kuipunguza oili uzito. Akifuta vibaya unapata gari isiyoeleweka. Na uliza pia, yale masega yaliyotolewa yanakwenda wapi? Nimeshasema yana platina. Duniani kuna soko la hayo mabaki, yananunuliwa kwa uzito yakayeyushwe. Yaani unamlipa mtu aondoke na mali yako.

Halafu kuna mapafu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Wanaovuta huo moshi siku nzima si mwenye gari aliyefunga vioo. Ni wamachinga, bodaboda, mama ntilie wa kando ya barabara, trafiki na watoto wanaosubiri daladala.

Hayo machujio yalivyofika kwetu nayo ni stori. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alikuwa anasimama mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki iliyojaa masizi meusi, anawaonyesha haya ndiyo tunayovuta kila siku. Kutoka kwenye kampeni ile, Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa walianza kuzuia malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi. Usipofikia kiwango, huingii mjini. Canter nyingi tunazozigombania bandarini zilianza maisha chini ya sheria ile. Uingereza nao, tangu Februari 2014, gari iliyotoka kiwandani na DPF ikionekana kwenye ukaguzi haina, inafelishwa.

Mwisho, kwa anayetaka kununua gari ya dizeli iliyotumika. Kilomita za dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, majivu hayarudishwi. Omba mashine isome kompyuta inakadiria majivu kiasi gani na mara ya mwisho kuchoma ilikuwa lini, gari nyingi zina taarifa hizo. Lala chini uangalie kopo la DPF, mshono wa kiwandani umenyooka na ni msafi, wa mtaani una mabonge. Kisha, injini ikiwa imepoa, ingiza kidole ndani ya bomba la nyuma ukifute kwenye karatasi nyeupe. Gari yenye chujio zima inaacha kijivu kidogo au haiachi kitu. Kidole kikitoka cheusi tii, masega yamepasuka au hayapo, na bei aliyokutajia muuzaji ianze kushuka hapohapo.